Siku ya Tatu Utapewa Jembe

Ukitaka kwenda Sapporo, mji mkubwa wa kaskazini mwa Japani, na wewe ni Mkenya, kuna karatasi moja utakayoandika kabla hujaona theluji. Hiyo karatasi ni ratiba. Siku ya kwanza utafika lini na utalala wapi. Siku ya pili utaenda wapi. Siku ya tatu, ya nne, mpaka siku utakayopanda ndege kurudi nyumbani. Utaambatanisha taarifa ya benki kuonyesha kwamba huko hutakwama, na kama kuna mtu amekualika, utataja ni nani na mnajuana vipi. Kwa watu wengine duniani kupanga safari ni raha, unafanya ukiwa kitandani na simu. Kwetu ni kama kujitetea mahakamani kabla ya kosa.

Kupanga safari ni sehemu ya kazi yangu. Niliacha chuo mwaka wa tatu, nikarudi Kitale, na tangu hapo naishi kwa laptopu na bando. Mteja mmoja anataka makala ya mbolea, mwingine ya bima, mwingine anataka "siku tano Sapporo na maeneo ya karibu". Hiyo ya Sapporo niliimaliza kwa mchana mmoja. Siku moja ya bustani ya Odori na mnara wa saa wa 1878, siku moja ya mfereji wa Otaru, siku mbili za chemchemi za maji moto za Noboribetsu, moja ya kupumzika. Ramani iko, saa za treni ziko, picha ziko.

Halafu mabeshte wa Nairobi wakaniambia: "Si wewe ndio mtaalamu? Tupangie siku nne Kitale." Hapo nilikwama wiki nzima.

Nimefikiria sana kwa nini. Si kwamba Kitale hakuna cha kuona. Ni kwamba Sapporo simjui mtu, kwa hivyo kila mahali palikuwa doti kwenye ramani. Kitale kila doti ina mwenyewe, na nikiweka doti kwa ratiba ni kama nimebisha mlango wa mtu kwa niaba ya watu asiowajua. Kumbe swali lilikuwa hapo hata nilipokuwa napanga Sapporo, ila lilikuwa mbali. Swali lenyewe ni hili: ukipanga kwenda kwa wengine, wana haki ya kukudai nini?

Lilinikaa zaidi nilipoona jinsi hii miji miwili inavyofanana. Jina Hokkaido lilitolewa na serikali ya Japani mwaka 1869, ilipoamua kukijaza kile kisiwa cha kaskazini walowezi kutoka kusini. Lakini kisiwa hakikuwa kitupu. Waainu walikuwa wanaishi huko wakivua, wakiwinda, na hata jina Sapporo limetoka kwa lugha yao. Mwaka 1876 Mmarekani William S. Clark alifika kusaidia kuanzisha chuo cha kilimo. Siku hizi Hokkaido inajulikana kwa maziwa, viazi na mahindi, na pale Odori wanauza mahindi ya kuchoma kabisa. Sheria ya mwaka 1899 ilitaka Waainu wageuzwe wakulima wadogo na waishi kama Wajapani wengine. Ilifutwa mwaka 1997. Sheria ya kuwatambua kama wenyeji asilia ilikuja mwaka 2019, na mwaka uliofuata likafunguliwa jumba la kitaifa la Upopoy kule Shiraoi, njiani kuelekea Noboribetsu.

Sasa angalia Kitale. Mji wa nyanda za juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, uliokuzwa na walowezi Wazungu mwanzoni mwa karne ya 20. Reli ikafika mwaka 1926. Mahindi, maziwa, na tangu 1956 kampuni ya mbegu ambayo mifuko yake kila mkulima wa Kenya anaijua. Wasabaot, ambao ng'ombe wao walikuwa wakilisha kwenye hizi tambarare, walisukumwa kupanda mlima. Baadaye tukaja sisi wengine, wa kuajiriwa kwanza, kisha wa kununua ekari mbili tatu baada ya uhuru. Kwa hivyo ukiniuliza mwenyeji halisi wa Kitale ni nani, nitakohoa kwanza ndio nijibu.

Kiswahili kina msemo wa mambo haya na kila mtu anaujua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huwa tunautumia kumfukuza mtu kwa adabu. Shemeji amekaa sana kwa kiti, unamrushia huo msemo, anacheka, kesho yuko steji. Lakini usome tena polepole. Haujasema siku ya tatu mfukuze. Umesema mpe jembe, yaani ana ruhusa ya kubaki, ila sasa kuna kazi, na kazi hiyo si yeye anayeichagua. Shamba ndilo linaloamua kama ni kupalilia au kuvuna.

Nadhani hapo ndipo tofauti ya mtalii na mgeni ilipo. Mtalii hulipia kila kitu mapema ili asidaiwe kitu chochote akiwa huko. Hiyo ndiyo maana ya ratiba nzuri kwa macho ya mteja wangu: hakuna la kushtukiza. Mgeni naye anajua kwamba mahali panaweza kumuomba jambo ambalo hakulipanga, na anakubali kwamba pana haki ya kuomba. Jembe si lazima liwe jembe. Linaweza kuwa kunyamaza, kusikiliza hadithi ndefu isiyokufurahisha, kubeba maji, kuambiwa hapa usipite.

Kwa hivyo nikaanza kuandika ratiba ya mabeshte upya, na kila siku nikajiuliza: hapa jembe ni lipi?

Siku ya kwanza ni Kitale yenyewe, na hasa jumba la makumbusho. Wengi wetu tuliozaliwa hapa tuliingia mara moja tu, tukiwa primari, kwa foleni, tukaonyeshwa nyoka, tukanunuliwa soda, basi. Jumba hilo lilianzia kwa mlowezi mmoja, Luteni Kanali Stoneham, ambaye mwaka 1926 alifungua makumbusho yake binafsi ya wadudu, wanyama na vitabu. Alipofariki mwaka 1966 aliuachia umma mkusanyiko wake pamoja na pesa za kujengea mahali pake, na jumba la sasa likafunguliwa Desemba 1974. Ndani ya uwanja kuna boma za mfano za jamii za hapa, na nyuma kuna kipande cha msitu wa asili chenye njia ya miguu.

Stoneham ananichanganya. Alikaa kwetu maisha yake mengi, akaangalia vipepeo kwa makini kuliko wengi wetu tunavyowaangalia majirani, na mwisho akaacha kitu. Huyo si alishika jembe? Lakini aliweza kukaa akikusanya vipepeo kwa sababu ardhi ilikuwa imekusanywa kwanza. Sitaki mabeshte waingie pale na jibu mkononi. Nataka tu wasimame kwenye ile boma ya Kisabaot ya maonyesho, wakijua kwamba Wasabaot wenyewe wako hai, kilomita chache kutoka hapo, na baadhi yao wana kesi za ardhi.

Siku ya pili ni barabara ya Kapenguria. Unaanza na Saiwa, mbuga ya taifa ndogo kuliko zote Kenya, karibu kilomita tatu tu za mraba, iliyotengwa mwaka 1974 kwa sababu ya nzohe. Nzohe ni swala wa kwenye bwawa, mwenye kwato ndefu zinazotanuka ili asizame kwa matope. Saiwa huingii na gari. Unatembea, unapita kwenye madaraja ya mbao, unapanda jukwaa, unakaa. Ukipiga kelele, nzohe anajificha ndani ya matete na umeenda nyumbani na picha ya matete. Hapa jembe liko wazi kabisa: ni kunyamaza. Mahali pameweka sharti lake, hupatani bei. Natamani sehemu nyingi zingekuwa na uwezo huo wa nzohe wa kutoonekana mpaka utulie.

Kisha Kapenguria, kwa seli ambazo sasa ni makumbusho tangu mwaka 1993. Huko ndiko Jomo Kenyatta, Paul Ngei, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba na Achieng' Oneko walishtakiwa kuanzia mwishoni mwa 1952 hadi hukumu ya Aprili 1953. Serikali ya kikoloni ilipeleka kesi huko makusudi, mbali na Nairobi, eneo lililofungwa ambalo huingii bila kibali. Mawakili wa utetezi walitoka mbali: D. N. Pritt wa Uingereza, Chaman Lall wa India, H. O. Davies wa Nigeria, pamoja na mawakili wa hapa Kenya. Kapenguria hakukuwa na mahali pa kulala, kwa hivyo walilala Kitale na kusafiri kwenda na kurudi kila siku ya kesi.

Hiyo pia ilikuwa safari ya siku nyingi, Kitale na maeneo ya karibu. Barabara ni hiyohiyo, milima ni hiyohiyo. Lakini hao walikuja kwa sababu kuna mtu alikuwa anawahitaji, na walikaa mpaka kazi iishe. Hawakungoja siku ya tatu, jembe walishika wakishuka tu kwa gari. Siwaambii mabeshte wawe mawakili. Nasema tu ukipita hiyo barabara ujue kuna aina nyingine ya kuja.

Siku ya tatu ndiyo iliyonikwamisha ile wiki. Kila mtu anataka Mlima Elgon. Unapita Endebess, unaingia lango la Chorlim, unaona misitu ya podo na mapango. Pango la Kitum ndilo maarufu, kwa sababu ndovu huingia gizani usiku kuchimba chumvi ukutani kwa pembe zao. Ukitafuta mtandaoni utakutana pia na habari ya virusi vya Marburg, kwa sababu watu wawili waliolitembelea, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, waliugua na kufa baadaye. Kwa hivyo hata ndani ya pango kuna adabu: popo si wa kuguswa, na ukiambiwa usiende mbali, usiende.

Mapango ya mlima huu yaliwahi pia kuwa nyumba. Mwaka 1883 msafiri wa Kiskoti, Joseph Thomson, alifika akakuta watu wakiishi humo na ng'ombe wao. Akayaangalia yale mapango makubwa, kisha akakisia kwamba yalichimbwa zamani na watu wa mbali, labda Wamisri. Wenye nyumba wamesimama mbele yake, moshi unatoka, ng'ombe wanalia, na yeye anatafuta mwenye nyumba Misri! Tunaweza kumcheka. Lakini hilo ndilo linalofanyika ukipanga mahali bila kuuliza wenyewe. Utakuja na maelezo yako, na hata wakisimama mbele yako hutawaona.

Juu zaidi ya msitu kuna Chepkitale, nyanda wazi za nyasi na baridi kali. Ni nchi ya Waogiek wa Mlima Elgon, wafugaji na warina asali. Mwaka 2000 serikali iliitangaza kuwa hifadhi ya wanyama, na watu waliokuwa wakiishi hapo tangu mababu wakaambiwa sasa ni wavamizi. Wamefukuzwa, wamerudi, wamefukuzwa, wamerudi, na wamepeleka kilio chao mahakamani. Kabla ya hapo, tangu 1971, kulikuwa na mpango wa kuwashusha na kuwapa ardhi Chebyuk, na ugomvi wa nani apate kipande gani ndio uliochangia vita vya 2006 hadi 2008. Kundi la SLDF liliua na kukata watu masikio. Machi 2008 jeshi likaingia na Operesheni Okoa Maisha, na wanaume wengi walikamatwa na kuteswa. Watetezi wa haki za binadamu waliandika maovu ya pande zote mbili. Kuna mama ambao hadi leo hawajaonyeshwa kaburi la mtoto wao.

Sasa niambie, hiyo naiandika vipi kwenye ratiba? "Saa nne asubuhi: huzuni"? Nikiiacha, nimewauzia mabeshte mlima usio na watu, yaani uongo uleule wa Hokkaido. Nikiiweka, nimegeuza machozi ya mtu kuwa kituo cha kupiga picha. Nilijadiliana na hili mpaka nikafikia jambo moja: kuna mahali pa kwenda, na kuna mahali pa kujua tu. Nyumba ya mama anayengoja si mahali pa kwenda kama hajakuita. Lakini kujua ni lazima. Soma kabla hujaja. Usiseme "mlima umetulia sana, hakuna mtu" bila kujiuliza kwa nini hakuna mtu.

Nilimsomea hii sehemu jamaa yangu wa boda, tunayekaa naye steji moja. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Bro, wewe unataka kutuharibia biashara. Waache waje, walipe, waende. Hayo ya jembe waachie wazee." Na ana hoja. Mgeni wa Nairobi kwenye shamba la mahindi ni hasara, atapalilia mpaka mahindi. Mwenye kibanda hahitaji usikivu wako, anahitaji ununue chapo na maharagwe. Katika mji ambao vijana wengi tunangoja simu ya kazi isiyopigwa, kuongea vibaya juu ya pesa ya wageni ni anasa.

Nakubaliana naye kwa nusu. Pesa ni sehemu ya jembe, na ni ya kwanza. Mgeni anayejidai mnyenyekevu halafu anabishania shilingi hamsini na mtu wa boda hajajifunza kitu. Ndiyo maana kwenye ratiba yangu nimeandika nani analipwa: kiongozi wa Saiwa anayeishi hapohapo, mama wa kibanda, boda wa steji yetu. Lakini nikamuuliza jamaa yangu: mgeni akikupa elfu moja halafu akuchukue video umelala kwa pikipiki, aweke mtandaoni na maneno ya kuchekesha, utasema amelipa? Akafikiria. "Hapo atanijua," akasema. Basi hicho ndicho kitu ambacho pesa haijanunua, na yeye mwenyewe anakijua.

Siku ya nne unashuka Kiminini, Kamukuywa, Misikhu hadi Webuye. Maporomoko ya Nabuyole yako hapo kwenye Mto Nzoia. Wakoloni waliyaita Broderick, na mji mzima ukabeba hilo jina kwa miaka. Juu ya mji kuna kilima cha Chetambe. Mwaka 1895 Wabukusu walijihami huko ndani ya boma lenye handaki na ukuta wa udongo, wakapigana na kikosi cha Waingereza kikiongozwa na C. W. Hobley, na wengi wakauawa. Mwaka 1947 Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa aliwapandisha wafuasi wake wengi kwenye kilima hichohicho kuwakumbuka waliokufa. Serikali iliona hatari kubwa katika watu kupanda kilima kuomboleza, na mwaka uliofuata dini hiyo ikapigwa marufuku.

Ukipanda Chetambe utaona mandhari nzuri sana, sikatai. Piga picha. Ila kabla ya picha, kaa dakika mbili kama mtu aliyekuja msibani kwa jirani asiyemjua vizuri. Hakuna mlinzi atakayekulazimisha. Hilo ni jembe ambalo lazima ujipe mwenyewe.

Na kutoka Webuye unaingia Bungoma. Hapa mabeshte waliuliza wazi: "Tukija Agosti tutaona ile ya kutahiriwa?" Wabukusu hutahiri Agosti, miaka ya namba shufwa, na ni kweli inavutia: njuga, nyimbo, umati unakimbia alfajiri kutoka mtoni na kijana aliyepakwa matope. Video zimejaa kwenye simu za watu.

Lakini watu wengi hawajui kwamba kabla ya siku hiyo, kijana mwenyewe hupanga safari. Anachukua njuga zake na kuzunguka kwa jamaa, boma baada ya boma, kuwaambia anaingia jando na kuwaalika. Haendi popote tu. Kuna anayepaswa kufikiwa, na zaidi ya wote ni mjomba, ndugu ya mamake, ambaye humchinjia ng'ombe na kumvalisha nyama shingoni arudi nayo nyumbani. Huko anakopita anaweza kukemewa na kukumbushwa madeni ya ukoo. Umati unaouona kwenye video ni watu walioalikwa kwa miguu na kijana aliyekuja kwao kwanza.

Hiyo ndiyo ratiba nzuri kuliko zote ninazozijua, na haijaandikwa popote. Kila kituo kina jina la mtu, na kila mtu ana haki ya kukuambia jambo. Kwa hivyo niliwajibu mabeshte hivi: mkialikwa na familia, njooni, na mfanye mtakachoambiwa. Msipoalikwa, Bungoma ina nyama choma na watu wazuri Agosti yote, na hiyo ya mtoni muiache ipite.

Sasa turudi kwa ile karatasi ya viza. Kwa muda mrefu niliiona kama dharau, na bado naona kuna dharau ndani yake, kwa sababu inaulizwa kwa shaka na haiulizwi watu wote sawa. Mjapani naye tangu Januari 2024 hujaza eTA kabla ya kuja Kenya, ataulizwa atalala wapi na atarudi lini, lakini hatatakiwa kuthibitisha kwamba yeye si tatizo kwa kiwango tunachotakiwa sisi. Hilo si haki na litabaki si haki.

Lakini ondoa shaka, yaangalie maswali yenyewe. Mwenyeji wako ni nani? Utakaa siku ngapi? Kila siku utafanya nini? Unawezaje kujigharamia usiwe mzigo kwa mtu? Utaondoka lini? Hayo ni maswali ya nyanya yangu kabisa, neno kwa neno, tofauti ni kwamba yeye huuliza akikumiminia chai. Ni maswali ambayo mwenyeji yeyote ana haki ya kuuliza. Tatizo ni kwamba wenye uwezo wa kuyauliza kwa nguvu ni serikali peke yake, na serikali huuliza kwa ajili yake. Ubalozi wa Japani haukuulizi utafanya nini ukifika kwa Waainu. eTA ya Kenya haimuulizi mtu Waogiek watasema nini akipanda Chepkitale na droni. Bwawa la Saiwa halina ubalozi. Mama wa Chebyuk hana dirisha la viza.

Wapo wanaoona suluhisho ni kubaki nyumbani. Mimi sioni hivyo. Kuna msemo mwingine wetu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji naye anamhitaji mgeni. Mji usiotembelewa hujisahau. Sisi wa Kitale tulianza kuuliza habari za kile kipande cha msitu cha makumbusho mtu wa nje alipokisifu. Ile misemo miwili haipingani. Mgeni huponya akikubali jembe, na wewe ukimnyima jembe umemwambia hana maana hapa zaidi ya pochi yake.

Kwa hivyo ushauri wangu kwa yeyote anayepanga siku nne, iwe ni Kitale, Lamu au Sapporo, ni mmoja. Ijaze ile fomu ya viza hata kama hakuna aliyekuomba. Andika jina la mwenyeji kila siku. Jina la mtu au la jamii, si la hoteli. Pale ambapo huwezi kuandika jina, ujue hujui bado unaenda kwa nani, na usome kwanza au uulize. Kisha acha siku moja tupu katikati. Usiijaze. Hiyo ni yao.

Kwenye ratiba niliyowatumia mabeshte, siku tupu ni ya tatu. Tutalala Endebess kwa watu ninaowajua, ambao wako karibu na msitu na wana ekari moja ya mahindi. Nimewapigia wenyewe kuuliza kama ni sawa. Yule mzee alinyamaza kidogo kwa simu, kisha akauliza: "Ni watu wangapi, na wanajua kukama?"